Je, Azazel Atachezeka? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Tekken wa Mtwara na Lindi

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila jioni kwenye vibanda vya gemu vya Mtwara mjini, kuanzia Magomeni hadi Chuno, pamoja na yale yanayotumwa na wenzetu wa Lindi, Masasi na Nachingwea kwenye makundi ya simu. Karibu yote yanamhusu adui mmoja, Azazel wa gemu ya mapigano iitwayo Tekken, na shauku ya kumwongoza badala ya kupigwa naye. Majibu yamekuwa marefu pale ambapo jambo lina mizizi, na mafupi pale ambapo maneno machache yanatosha.

Azazel ni nani, na kwa nini vijana wa huku wanamzungumzia sana?

Azazel ndiye bosi wa mwisho, yaani adui mkuu wa kumalizia gemu, wa Tekken 6, gemu iliyoanza kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 2007 na kufika kwenye PlayStation 3, Xbox 360 na PSP (PlayStation ya mkononi) mwaka 2009. Kwa mujibu wa hadithi ya gemu hiyo, ni kiumbe wa kale aliyefungiwa ndani ya hekalu jangwani huko Misri, na Jin Kazama, mmoja wa wapiganaji wakuu, anaiingiza dunia nzima vitani ili kiumbe huyo aamke, apate kupambana naye na kumwangamiza. Ni dubwana lenye pembe, lenye fuwele zilizochomoza mwilini, na likisimama mbele ya mpiganaji wa kawaida linaijaza sehemu kubwa ya skrini.

Gemu yenyewe ni ya zamani, lakini huku kwetu haijazeeka hata kidogo. Sababu ni programu ya PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, ambayo huiwezesha simu ya Android kuendesha gemu za PSP. Kijana wa Tandahimba asiye na televisheni wala PlayStation anaweza kucheza Tekken 6 akiwa amekaa chini ya mkorosho, na kwake Azazel ni adui wa leo, si wa mwaka 2009. Ndiyo maana tetesi ambazo kwingine zilikwisha miaka mingi iliyopita, hapa bado zina moto.

Je, Azazel anachezeka kwenye Tekken 6?

Hapana. Hachezeki kwenye toleo la PlayStation 3, wala la Xbox 360, wala la PSP, ambalo ndilo linalochezwa kwenye simu.

Kaka, jamaa mmoja wa Mikindani amenihakikishia kwamba nikiimaliza gemu kwa kila mpiganaji, Azazel atafunguka. Ni kweli?

Si kweli, mdogo wangu, ingawa aliyekuambia huenda hakukusudia kukudanganya. Uvumi huu una asili inayoeleweka. Waliocheza Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza, gemu iliyofika majumbani mwaka 1998, wanakumbuka kwamba wapiganaji wengi walifunguka kwa utaratibu huo huo: unaimaliza gemu kwa mpiganaji mmoja, anatokea mwingine, unaendelea hivyo hivyo hadi unawafikia Ogre na True Ogre, ambao ndio mabosi wenyewe. Daktari Bosconovitch alipatikana kwa kuimaliza sehemu iitwayo Tekken Force mara nne, na dinosaria mdogo Gon alipatikana kwa kumshinda kwenye mchezo wa mpira. Kizazi kizima kilijifunza kwamba subira huzaa mpiganaji mpya.

Kaka zetu wamewarithisha wadogo zao imani hiyo, na imani hiyo imehamia kwenye gemu ambayo haikujengwa hivyo. Tekken 6 haina ngazi ya kufungua mpiganaji mmoja baada ya mwingine kama Tekken 3, na hakuna idadi ya ushindi itakayomleta Azazel kwenye orodha. Kuimaliza kwa kila mpiganaji ni jambo zuri, kwa sababu utaona mwisho wa hadithi ya kila mmoja, lakini usiifanye kazi hiyo kwa kumtarajia yeye.

Vipi kuhusu faili na misimbo inayouzwa mitandaoni?

Swali hili linahitaji uangalifu, maana linagusa mfuko. Kila msimu wa korosho, minada inapoanza na fedha kuingia vijijini, huongezeka watu wanaouza kile wanachokiita toleo maalumu la Tekken lenye mabosi wote. Ni kweli kwamba programu kama PPSSPP inaruhusu misimbo inayobadilisha kumbukumbu ya gemu inapokuwa inaendeshwa, na misimbo ya aina hiyo inaweza kuilazimisha gemu kumweka bosi upande wa mchezaji. Kumweka hapo, hata hivyo, si kumfanya achezeke. Gemu haijawahi kuelezwa ni kitufe gani kifanye nini kwenye mwili huo, kwa hiyo usishangae dubwana likisimama bila kutii vitufe, kamera ikipotea, au simu ikiganda katikati ya pambano.

PPSSPP yenyewe inapatikana bure kwenye tovuti yake rasmi na kwenye duka la Google, kwa hiyo anayekutoza fedha ili akupe programu hiyo anakuuzia kitu ambacho ni chako tayari. Faili lililotumwa na mtu usiyemfahamu, hasa lile linalokuomba uzime ulinzi wa simu kabla ya kulifungua, lisiingie kwenye simu ambayo ndani yake mna fedha za wazazi wako.

Kwa nini watu wanataka kumchezesha adui ilhali steringi wapo tele?

Kwa sababu adui ndiye aliyewaumiza. Tekken ina wapiganaji wanaopendeza, lakini wengi wao wanashindana ndani ya sheria zile zile, wakati bosi anaruhusiwa kuzivunja. Mtu aliyepigwa na mwali wa moto usio na jibu anatamani, japo kwa dakika moja, kuwa ndiye anayeurusha. Sioni ubaya wowote katika hamu hiyo, na kwa kweli ndiyo iliyozaa wapiganaji kadhaa bora katika historia ya gemu hizi.

Mbona mabosi wengine walichezeka?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mwaka 1991, Street Fighter II ya Capcom ilikuwa na wapiganaji wanane wa kuchagua na mabosi wanne, yaani Balrog, Vega, Sagat na M. Bison, ambao mchezaji aliwakuta mwishoni tu. Mwaka uliofuata, toleo la Champion Edition likawafungulia mlango wote wanne. Geese Howard, bosi wa Fatal Fury ya mwaka 1991, alichezeka katika Fatal Fury Special ya mwaka 1993. Heihachi Mishima, bosi wa Tekken ya kwanza ya mwaka 1994, alifunguka gemu hiyo ilipofika kwenye PlayStation mwaka 1995.

Watazame kwa makini na utaona kwamba wote wana mikono miwili na miguu miwili, wanachuchumaa, wanaruka, wanakamatika na wanaanguka. Kuwafungua kulihitaji kuwapunguzia nguvu kidogo tu. Sasa itazame Mortal Kombat ya mwaka 1992, ambayo ilikuwa na mabosi wawili ndani ya gemu moja. Shang Tsung, mzee mwenye umbo la kibinadamu, alichezeka mwaka mmoja tu baadaye katika Mortal Kombat II. Goro, mwenye mikono minne, alisubiri hadi Mortal Kombat Trilogy ya mwaka 1996. Walitoka gemu moja, walipendwa kwa kiwango kisichopishana sana, lakini mmoja alipita mapema na mwingine akabaki nje kwa miaka. Kilichowatenganisha ni mwili.

Kwa hiyo msimamo wa ukurasa huu ni huu: adui hawi mpiganaji kwa sababu anapendwa, bali kwa sababu imepatikana njia ya yeye kupigwa kwa haki. Swali la kuuliza kila tetesi inapozuka si kama bosi huyo ana nguvu kiasi gani, bali ni kama mpiganaji dhaifu kuliko wote kwenye orodha anaweza kumkamata, kumwangusha na kumshinda bila gemu kuharibika.

Basi tatizo ni ukubwa tu?

Ukubwa ni sehemu ya tatizo, lakini si lote, na mifano ya kulithibitisha hilo ipo. True Ogre wa Tekken 3 ana mabawa, mkono wake mmoja ni rundo la nyoka, anatema moto, na ni mkubwa kuliko karibu kila mtu kwenye orodha. Hata hivyo alichezeka, kwa sababu chini ya madoido yote hayo ana kiwiliwili cha mtu.

Mfano ulio maarufu zaidi duniani ni wa Ridley, adui wa gemu za Metroid tangu mwaka 1986. Kwa miaka mingi mashabiki wa Super Smash Bros., gemu ya Nintendo inayowakutanisha wahusika wa gemu mbalimbali ulingoni, walibishana kama joka hilo linaweza kuingia kwenye orodha ya wapiganaji, na jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba ni kubwa mno. Katika Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008 lilikuwa bosi, na katika toleo la Wii U la mwaka 2014 lilikuwa kikwazo kwenye uwanja mmoja. Kisha, tarehe 12 Juni 2018, Nintendo ikatangaza kwamba Ridley atachezeka katika Super Smash Bros. Ultimate. Walichofanya ni kumpunguza umbo na kumpinda mgongo, naye akaingia. Miezi miwili haikutimia kabla ya King K. Rool, adui mwingine aliyesubiriwa mno, kutangazwa pia.

Njia nyingine ni kukata. Motaro, bosi wa Mortal Kombat 3 mwenye kiwiliwili cha mtu na miguu minne ya farasi, aliporudi katika Mortal Kombat: Armageddon ya mwaka 2006 alikuwa amesimama kwa miguu miwili, na hadithi ikatengenezewa laana ya kueleza miguu mingine ilikokwenda. Gemu hiyo ilikusanya wapiganaji zaidi ya 60, wakiwemo mabosi kama Goro, Kintaro, Moloch na Onaga, na vibanda vingi vyenye PlayStation 2 bado vinayo. Gharama ya ukarimu huo ilikuwa kubwa: wapiganaji walipoteza mbinu zao binafsi za kummaliza mpinzani, na badala yake kukawekwa mfumo mmoja wa kuunga vitendo vinavyofanana kwa kila mtu. Kwa maoni yangu bei hiyo ilizidi, na wapenzi wa mabosi wanapaswa kuikumbuka kila wanapodai kwamba kila adui afunguliwe.

Ni kitu gani hasa ndani ya gemu kinachomzuia bosi kama Azazel?

Kaa nyuma ya kijana anayepambana naye kwenye simu na uangalie vidole vyake. Kidole gumba cha kushoto kinasogeza mpiganaji pembeni, cha kulia kinagonga ngumi mbili na teke, vyote vinampata Azazel, na dubwana halitikisiki. Wakati huo huo fuwele zinachomoza ardhini, mpiganaji anarushwa juu, na kidole cha kushoto kinaendelea kubonyeza bila faida yoyote kwa sababu aliye hewani hana uamuzi. Bosi amepigwa mara tatu na bado ndiye mwenye zamu.

Tekken inaendeshwa kwa picha 60 kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Ngumi za haraka kabisa hufika kwa mpinzani baada ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Usawa wote wa gemu umejengwa juu ya hesabu hiyo: ukipiga pigo zito likazuiwa, unabaki wazi kwa fremu kadhaa, na mwenzako anayejua hesabu anakuadhibu. Bosi asiyetikisika ameondolewa kwenye hesabu hiyo. Ukimwacha alivyo na kumkabidhi mchezaji, hakuna atakayemchagua mwingine; ukimwondolea kinga hiyo, mwili wake mpana unakuwa shabaha ambayo haiwezi kukoswa.

Kuna jambo la pili ambalo wachezaji wengi hawalifikirii, nalo ni kukamatwa. King, mpiganaji wa mieleka, anapomkamata mpinzani na kumzungusha, watengenezaji wamehakikisha kwamba mikono yake inashika mahali panapostahili kwenye kila mwili uliomo kwenye orodha. Hata dubu Kuma, ambaye ni mpiganaji halali, ana matatizo yake, kwa kuwa mapigo yanayoungana vizuri kwa mtu wa kawaida huweza kutoungana kwake, na mapigo yanayomkosa mtu huweza kumpata yeye. Mlete Azazel kwenye orodha yenye wapiganaji wapatao 40, kisha uwazie kila mmoja wao akimnyanyua. Kazi hiyo si ya kubonyeza swichi. Ni ya kuunda mpiganaji upya kuanzia kwenye mifupa.

Je, kuna bosi wa Tekken aliyekuwa haramu kisha akahalalishwa?

Yupo, naye ni Jinpachi Mishima. Waliocheza Tekken 5 kwenye PlayStation 2 hawahitaji kukumbushwa: mzee huyo alikuwa na uwezo wa kukupigisha bumbuwazi usimame kama sanamu, kisha kukurushia mpira wa moto kutoka tumboni, na mara nyingi pambano likaishia hapo. Hakuwa wa kuchagua katika Tekken 5. Aliruhusiwa kwenye toleo la mtandaoni la Tekken 5: Dark Resurrection la PlayStation 3 mwaka 2007, akiwa amepunguzwa makali, na baadaye akawemo katika Tekken Tag Tournament 2. Azazel hakuwemo katika gemu hiyo, ingawa ilikusanya karibu kila mtu aliyewahi kupita kwenye Tekken. Hilo kwangu ni ushahidi mzito kuliko tetesi zozote: walipofungua mlango kwa upana kuliko wakati wowote, yeye bado hakupita.

Adui aliyekufa kwenye hadithi anaweza kurudi?

Anaweza. Mwishoni mwa hadithi ya Tekken 7, Kazuya alimtupa baba yake Heihachi kwenye volkano, na Katsuhiro Harada, aliyekuwa kiongozi wa mradi wa Tekken wakati huo, alikuwa amesisitiza kwamba safari hii mzee amekufa kweli. Mwezi Julai 2024, kwenye mashindano ya gemu za mapigano ya EVO huko Las Vegas, Heihachi akatangazwa kuwa mpiganaji wa ziada wa Tekken 8, na vuli ya mwaka huo akaanza kuuzwa. Kifo katika hadithi ni kikwazo kidogo kuliko miguu minne.

Je, mashabiki wakipaza sauti, watengenezaji husikia?

Wakati mwingine husikia, na ushahidi bora unatoka Mortal Kombat. Ndani ya orodha ya takwimu za mashine za gemu ya kwanza kulikuwa na neno ERMACS, ambalo lilihusu hitilafu za programu, lakini wachezaji wakaamini kwamba ni jina la ninja mwekundu aliyefichwa. Watu wakadai wamemwona. Hakuwepo. Mwaka 1995, katika Ultimate Mortal Kombat 3, watengenezaji wakamuumba, wakampa jina hilo hilo la Ermac, na leo ni mpiganaji anayeheshimika. Skarlet naye alizaliwa kutokana na uvumi wa ninja mwekundu wa kike katika Mortal Kombat II, akapewa mwili halisi katika gemu ya mwaka 2011.

Zingatia, hata hivyo, kwamba Ermac na Skarlet walikuwa ninja. Mwili ulikuwepo tayari, uvumi ukaleta jina na rangi. Kelele za mashabiki hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo kazi ya mifupa imekwisha kufanyika.

Picha zinazodaiwa kuvuja niziamini kwa kiasi gani?

Zipo za kweli na zipo za uongo, na ubora wa picha hautoshi kukuonyesha tofauti. Mwezi Juni 2022, michoro ya wapiganaji wa Street Fighter 6 ilivuja mwaka mmoja kabla ya gemu kutoka, na ilikuwa ya kweli. Capcom yenyewe ilikiri kwamba imeona taarifa zilizosambaa. Mwezi Oktoba 2018, ilisambaa picha ya Super Smash Bros. Ultimate iliyoonyesha wapiganaji wapya kadhaa, na mashabiki waliichunguza na kuitetea kwa siku nyingi, hadi tangazo la Nintendo la tarehe 1 Novemba lilipoonyesha kwamba ilikuwa ya kughushi. Cha kushangaza ni kwamba Banjo na Kazooie, waliokuwemo kwenye picha hiyo ya uongo, walitangazwa kwa kweli mwaka 2019. Mtu anaweza kughushi na bado akabahatisha.

Mimi huanza kwa kutazama kama tetesi inaeleza mhusika atapigana vipi. Aliyeona kitu cha kweli huwa na habari ya namna mhusika anavyosimama au anavyosogea. Mwongo huishia kwenye jina na picha iliyofifia.

Kwa nini baadhi ya maadui huuzwa kabla hata gemu haijatoka?

Kwa sababu adui ni chambo kizuri. Goro alitolewa kwa walioagiza mapema Mortal Kombat X ya mwaka 2015, Shao Kahn kwa walioagiza mapema Mortal Kombat 11 ya mwaka 2019, na Shang Tsung kwa walioagiza mapema Mortal Kombat 1 ya mwaka 2023. Kronika, bosi wa mwisho wa Mortal Kombat 11, hakuwahi kuchezeka. Ukitaka kukisia kwa akili, tazama kalenda ya mauzo pamoja na mwili: adui maarufu mwenye umbo la mtu huwekwa akiba kwa ajili ya siku ambayo kampuni inataka ununue bila kusita.

Wazazi wengine hawapendi mtoto aseme anataka kuwa Azazel. Tuwajibuje?

Tuwajibu kwa heshima na bila kuwacheka, kwa sababu wana hoja. Katika masimulizi ya Kiislamu, Azazili hutajwa kuwa jina la Iblisi kabla hajaasi, na Wakristo wanalikuta jina la Azazeli kwenye kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16. Mama wa Lindi anayesikia jina hilo likishangiliwa sebuleni kwake ana haki ya kuuliza. Elezeni kwamba katika hadithi ya gemu Azazel ni uovu unaopaswa kushindwa, wala hakuna mhusika anayemwabudu kwa faida. Mzazi akishaelezwa na bado akakataa, gemu izimwe. Nyumba ni yake.

Je, Tekken 8 imeleta matumaini mapya?

Imeleta, kisha ikayafunga kwa namna yake. Tekken 8, iliyotoka tarehe 26 Januari 2024, inamrudisha Azazel katika hadithi, na humo Kazuya anaichukua nguvu yake na kugeuka umbo la kutisha kuliko la awali. Azazel hayumo kwenye orodha ya wapiganaji wa kuchagua, na umbo hilo jipya la Kazuya nalo limebaki la kwenye hadithi tu. Adui mwenyewe, Kazuya, anachezeka kama kawaida. Mortal Kombat X ilifanya vivyo hivyo kwa Shinnok, ambaye mwili wake wa kawaida ulichezeka na ule uliogeuka dubwana ukabaki kuwa bosi.

Kwa hiyo maoni yangu, nikiyatoa kwa moyo mweupe kama mtu anayempenda dubwana huyu, ni kwamba Azazel mzima, mwenye kimo kile, hatachezeka. Akija, atakuja akiwa amepunguzwa kama Ridley au amevaa mwili wa mtu. Wanaomtaka akiwa vile vile wanaomba kitu ambacho kingeivunja gemu wanayoipenda.

Wenye nia ya kuipata Tekken 8 wajue pia kwamba haiendeshwi kwenye simu, bali inahitaji PlayStation 5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu, na inachukua takriban GB 100 za nafasi. Kwa bando la mwezi la watu wengi hapa, ni busara kumtafuta mwenye diski.

Tumewekeana dau kibandani juu ya jambo hili. Nani ameshinda?

Kama dau lilikuwa "Azazel anachezeka kwenye Tekken 6", aliyesema hapana ameshinda. Kama lilikuwa "Azazel atachezeka siku moja", hakuna aliyeshinda, na fedha zirudishwe kwa wenyewe. Dau lisilo na tarehe wala jina la gemu huzaa ugomvi tu, na tumeuona.

Ninamtaka Azazel leo hii. Nifanye nini?

Jifunze Zafina. Hili ndilo jibu ambalo wengi hulipuuza, ingawa ndilo lenye faida kuliko yote yaliyotangulia. Zafina alianza katika Tekken 6, na katika hadithi yeye ndiye aliyekuja kumfungia Azazel ndani ya mkono wake wa kushoto. Alipoongezwa kwenye Tekken 7 mwaka 2019, mkono huo uliingia kwenye mapigo yake: baadhi ya mbinu zake hutumia nguvu ya Azazel moja kwa moja. Katika Tekken 8 yumo kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Watengenezaji walichukua dubwana lisiloweza kukamatwa na kuliweka ndani ya mkono wa mwanamke anayekamatika, anayeanguka na anayeshindwa kwa haki. Hivyo ndivyo Azazel alivyochezeka.

Mwenye simu tu anaweza kuanza na Zafina wa Tekken 6, ambaye hana mkono huo lakini anayo misimamo yake mitatu, yaani Scarecrow, Mantis na Tarantula. Anza na Mantis, ule wa kuinama chini, na uzoee kuingia na kutoka bila kuangalia vidole. Ukiuweza, hamia Tarantula, kisha jifunze kutoka msimamo mmoja kwenda mwingine bila kusimama wima katikati, kwa sababu hapo katikati ndipo mpinzani mzuri anapokusubiri.